Mandvi, Kutch: jinsi ya kufika na kuzunguka, kuanzia viza mpaka bajaji

Watu wa kwetu wakienda India wengi wanaishia Mumbai, Delhi au Chennai, wengi ni matibabu au mzigo wa duka, wakimaliza wanageuza. Sina neno na hilo, ila kama una siku nne tano za ziada nakuomba uzipeleke Mandvi, mji mdogo wa pwani huko Kutch, jimbo la Gujarat, sensa ya 2011 ilikuta watu kama 51,000 tu. Mji ulianzishwa karne ya 16 na mtawala wa Kutch, Rao Khengarji wa Kwanza, na kwa miaka mingi majahazi yake ndiyo yalikuwa yanashuka na kaskazi mpaka Mombasa na Zanzibar halafu yanasubiri kusi irudi wapande nayo. Wahindi wa Kikachi unaowajua Dar, Unguja au Mombasa, ukiuliza asili ya babu zao mara nyingi utatajiwa Kutch. Tharia Topan aliyewahi kukodi forodha ya Zanzibar, yule aliyejenga lile jengo zuri la hospitali ya zamani pale mbele ya bahari Unguja, alitokea huko huko Kutch. Kwa hiyo si mji wa kigeni sana kwetu, na kibaya ni kwamba hakuna anayetueleza namna ya kufika. Ndo maana naandika.

Jambo moja kabla ya yote: usiende Mandvi asubuhi ukarudi Bhuj jioni kama wanavyofanya watalii wengi. Lala pale, angalau siku mbili, maana mji wenyewe unaonekana alfajiri na jioni, mchana jua ni kali na maduka mengi yanafungwa watu wanapumzika.

Karatasi kwanza

Viza ya mtandaoni ipo na Wakenya, Watanzania, Waganda, Wanyarwanda wote wanaruhusiwa kuomba. Tovuti ya serikali ni indianvisaonline.gov.in, hiyo tu, ukigoogle utaletewa tovuti kibao zinazofanana nayo zenye bendera na picha ya Taj Mahal, hizo ni za madalali wanakukata hela juu ya ada ya serikali. Angalia lazima iishie na gov.in. Utaombwa picha yenye nyuma nyeupe na skani ya pasipoti, pasipoti iwe na miezi 6 mbele na kurasa mbili wazi. Omba wiki mbili kabla, wao wanasema angalau siku 4 lakini usijiweke kwenye presha hiyo. Na kama unaenda kwa matibabu kuna viza yake ya matibabu, na anayemsindikiza mgonjwa ana yake pia, usichukue ya utalii kwa ajili ya hospitali.

Cheti cha homa ya manjano usikiache. India ni wakali sana kwa abiria wanaotoka upande wetu, sindano lazima iwe imepita siku 10 kabla hujafika, na usipokuwa na cheti wana haki ya kukuweka karantini mpaka siku 6. Ukishachanjwa kile cheti ni cha maisha, kwa hiyo chanja mapema, kiweke pamoja na pasipoti na sio ndani ya begi linaloenda chini ya ndege. Tangu Oktoba 2025 kuna pia fomu ya kuingia nchini ya kujaza mtandaoni ndani ya masaa 72 kabla ya kufika, haina malipo, ukiombwa malipo ujue uko kwenye tovuti ya wajanja.

Piga kopi za pasipoti na viza, kama tano hivi, na picha ndogo za pasipoti. Utaona zinavyoisha.

Kufika Mumbai au Ahmedabad

Kutoka Nairobi, Dar na Entebbe zipo ndege za moja kwa moja hadi Mumbai, ratiba zinabadilika kwa hiyo angalia mwenyewe, na ukitaka unaweza kupita Addis au Ghuba. Viza ya mtandaoni inakubalika Mumbai, Delhi na Ahmedabad, tatizo linakuja kwa wanaotaka kuingia kwa njia isiyo ya kawaida, wewe ingia kwa ndege kwenye miji hiyo mikubwa uwe na amani.

Saa za India ziko mbele yetu kwa masaa mawili na nusu, hiyo nusu inawachanganya watu. Na tiketi zote zinatumia saa 24. Ukiandikiwa 00:10 tarehe 15 maana yake ni usiku wa kuamkia tarehe 15, yani unatakiwa uwe stesheni tarehe 14 usiku, sisi tuliozoea kusema saa sita usiku ya leo hapa panatupiga sana.

Laini ya simu chukua hapo hapo eapoti ya Mumbai, hata kama ni ghali kidogo. Mji mdogo kama Mandvi mwenye duka anaweza kukwambia kwa mgeni hawezi kusajili. Wanataka pasipoti, viza na picha, na laini inaweza kuchukua masaa kabla haijawaka. Bila namba ya India huduma nyingi hazikutumii zile namba za uthibitisho kwenye meseji, na bila hizo hata taksi ya kwenye app inaweza kuwa shida. Kama huna laini bado, chukua taksi ya kulipia kabla pale pale kwenye kaunta ya ndani ya eapoti, unapewa risiti, dereva humpi kitu zaidi ya hiyo risiti mpaka umefika.

Hela: India sasa kila mtu anaskani QR na kulipa kwa simu, mpaka muuza karanga, ni kama sisi na M-Pesa, lakini mfumo wao kwa kiasi kikubwa unategemea akaunti za benki za kwao kwa hiyo wewe mgeni tembea na kashi. Noti kubwa siku hizi ni ya 500. Ukitoa kwenye ATM utapewa hizo hizo za 500 na hakuna mwenye chenji, kwa hiyo kila unaponunua maji au chai dukani kubwa vunja moja, zile za 10, 20 na 50 ndo zitakazokuendesha Mandvi. Dola badilisha mjini Mumbai au Ahmedabad, usisubiri kufika.

Treni mpaka Bhuj

Mandvi haina stesheni. Treni inakufikisha Bhuj, makao makuu ya wilaya ya Kutch, halafu unamalizia kama km 60 kwa barabara. Ipo ndege ya Mumbai kwenda Bhuj pia, eapoti yake ni ndogo na unatoka haraka, ukiwa na mtoto au mgonjwa chukua hiyo. Ila kama una nguvu panda treni, maana ndo India yenyewe hiyo.

Kutoka Mumbai kuna Kutch Express na Sayajinagari Express, zote zinaondoka mchana kuelekea jioni na zinalala njiani, unaamka asubuhi nje ni jangwa na miti ya miiba. Kutch Express inatokea Bandra Terminus. Sikiliza hapa vizuri: Bandra Terminus na stesheni ya Bandra ya treni za mjini ni sehemu mbili tofauti, mwambie dereva "Terminus" tena mara mbili, na ondoka eapoti mapema, umbali ni mfupi lakini foleni ya Mumbai haina adabu. Kutoka Ahmedabad kuna treni ya kasi iliyoanza Septemba 2024 inaitwa Namo Bharat, inafika Bhuj chini ya masaa 6, ya kukaa siyo ya kulala.

Tiketi zinauzwa mtandaoni na IRCTC, kampuni ya serikali ya tiketi za reli, mgeni anaweza kufungua akaunti kwa kulipa ada ndogo. Mauzo yanafunguliwa siku 60 kabla na njia hii inajaa, hasa Novemba mpaka Januari. Daraja la kulala lisilo na AC linaandikwa SL, yenye AC ya vitanda vitatu ni 3A na ya viwili ni 2A. Kwa mgeni wa mara ya kwanza nashauri 3A, bei yake huwa rupia elfu moja na mia kadhaa, unapewa shuka na blanketi safi na mlango wa behewa unadhibitiwa. Kitanda omba cha juu kabisa, hakuna atakayekaa juu ya miguu yako mchana na begi lako unalala nalo.

Kwenye tiketi angalia neno moja. CNF una kitanda. RAC una haki ya kupanda lakini mnagawana kiti cha pembeni watu wawili mpaka kipatikane kitanda. WL ni foleni ya kusubiri, na tiketi ya WL ya mtandaoni ikibaki WL baada ya orodha ya mwisho ya abiria kutoka, inajifuta yenyewe hela inarudi, USIPANDE nayo ukidhani utaongea na kondakta. Ukikwama, kwenye stesheni kubwa za Mumbai kuna kaunta ya wageni yenye nafasi zao maalum, nenda na pasipoti mwenyewe, usimtume mtu na usimsikilize yule anayekwambia kaunta imehamia ofisini kwake.

Ndani ya treni chai inapita kila baada ya muda, chakula kinauzwa, maji nunua chupa iliyofungwa. Bhuj ndo mwisho wa treni hizi kwa hiyo hutapitiliza, lala tu.

Bhuj kwenda Mandvi

Ukitoka stesheni ya Bhuj madereva wa bajaji watakuzunguka. Taja "ST stand", hiyo ndo stendi ya mabasi ya serikali ya jimbo, iko katikati ya mji. Mita hakuna, patana kabla ya kukaa. Kama ni mara yako ya kwanza uliza bei kwa mtu mwenye duka kwanza kisha ndo urudi kwa dereva na bei kichwani.

Stendi maandishi mengi ni Kigujarati, herufi za kwetu hutaziona sana. Kwa hiyo hifadhi hii kwenye simu: Mandvi inaandikwa માંડવી na Bhuj inaandikwa ભુજ. Onyesha simu kwa kondakta yeyote atakunyooshea mkono basi lilipo. Mabasi yanatoka mara kwa mara mchana kutwa, nauli haifiki rupia 100, safari ni kama saa moja na nusu. Nje ya stendi zipo pia jipu na gari za kushea zinaondoka zikijaa, zina kasi kuliko basi na madereva wanajiamini kupita kiasi, mimi napenda basi.

Tahadhari nyingine, Mandvi zipo zaidi ya moja. Kuna Mandvi wilaya ya Surat, kuna mtaa wa Mandvi Vadodara na mwingine Mumbai. Ukibuku hoteli au basi la usiku mtandaoni hakikisha imeandikwa Kutch au Kachchh, ni kitu kimoja hicho.

Kama una muda lala Bhuj siku moja. Tetemeko la tarehe 26 Januari 2001 liliuvunja huu mji vibaya sana, kuna makumbusho yake yanaitwa Smritivan juu ya kilima, nenda, yametengenezwa kwa heshima. Na pembeni ya Bhuj kuna vijiji kama Madhapar, Baladia na Sukhpar, familia nyingi za huko zina ndugu Nairobi, Mombasa, Kampala na London, wazee wengine wameishi Kenya nusu ya maisha. Ukipita usishangae mzee aliyekaa barazani akisikia unatoka wapi akakujibu Kiswahili kilichonyooka kabisa, tena cha zamani. Kaa naye, kunywa chai, atakuuliza habari za mitaa iliyoshabadilishwa majina.

Kulala Mandvi

Hapa ndo wageni wengi wanakwama. Sheria inamtaka mwenye hoteli amsajili mgeni wa nje kwa polisi mtandaoni ndani ya masaa 24, kwa fomu iliyozoeleka kwa jina la Form C, na gesti nyingi ndogo hazijajisajili kwenye mfumo huo kwa hiyo watakwambia pamejaa wakati unaona funguo zote ukutani. Usichukulie ni ubaguzi moja kwa moja, muulize tu, "Form C?" Ukipiga simu kabla ya kwenda swali la kwanza liwe hilo, hata kama umeshalipia kwenye app. Wakikupokea watachukua kopi ya pasipoti na viza, ndo zile kopi nilizokwambia.

Pa kulala kuna aina mbili, gesti za mjini karibu na soko na bandari, na hoteli za upande wa ufukweni. Chagua mjini. Utatembea kwa miguu kila sehemu na chakula kiko chini ya ngazi.

Beba adapta ya umeme, plagi zetu za meno matatu ya bapa hazikubali kwao, wao ni ya duara. Na Desemba na Januari usiku ni baridi ya kweli, Kutch ni jangwa, chukua sweta. Miezi mizuri ni Novemba mpaka Februari, Mei ni moto, joto linapita nyuzi 40 huko bara kidogo, na katikati ya Juni mpaka Septemba ni mvua na bahari imechafuka.

Kuzunguka

Mji wenyewe ni wa kutembea. Mto Rukmavati unaingia baharini hapo hapo, na kwenye kingo zake ndo wanajenga majahazi ya mbao mpaka leo. Nenda saa moja asubuhi, yani saa 07:00 yao, kabla jua halijachacha. Utaona mbavu za chombo zimesimama juu kuliko nyumba ya ghorofa mbili, mafundi wanapanda kwa ngazi za kufungafunga, na chini kuna wale wa kalafati, mzee ameketi na mafungu ya pamba anaisokota pajani iwe kamba, anaipachika kwenye mwanya kati ya mbao mbili halafu anaigonga ndani na tindo na nyundo ya mbao, tap tap tap, anahamia kidole kimoja mbele, tena tap tap. Aliyekulia Lamu au Nungwi atasimama pale akajihisi yuko kwao. Chombo kimoja kinachukua miaka, na vikishushwa vinaenda Ghuba na Somalia na mizigo. Hakuna geti wala tiketi, lakini ni sehemu ya kazi ya watu, salimia kwanza, mwanaume mwite bhai, mama mwite ben, omba ruhusa kabla ya kupanda au kupiga picha. Ukisema unatoka Mombasa au Zanzibar mambo yanabadilika palepale, mabaharia wazee wana majina ya bandari zetu mdomoni.

Jumba la Vijay Vilas liko km 7 au 8 nje ya mji, jumba la mawe la wafalme wa Kutch lililokamilika 1929, panda mpaka juu darini uone bahari na minazi. Chukua bajaji, patana kwenda, kusubiri na kurudi kwa bei moja, ulipe mwishoni, maana kule kupata ya kurudia ni bahati. Njia hiyo hiyo mwambie akupitishe Kranti Teerth, kumbukumbu ya Shyamji Krishna Varma aliyezaliwa Mandvi 1857 na akaenda kupigania uhuru wa India akiwa London, wamejenga nakala ya nyumba aliyowafungulia wanafunzi wa Kihindi huko. Ufukwe una mapangaboi ya umeme wa upepo, ngamia, na jioni familia nzima nzima zimetoka. Wanawake wa huko wanaingia majini na nguo zao zote, dada zangu vaeni vya stara mtakuwa huru zaidi na macho yatapungua.

Kuhusu macho, tuseme ukweli. Mtu mweusi Mandvi utaangaliwa, utaombwa selfi, watoto watakufuata. Wengine watadhani wewe ni Sidi, Wagujarati wenye asili ya Afrika ambao bado wanacheza ngoma yao inaitwa goma, na watakuongelesha Kigujarati moja kwa moja. Tabasamu, sema "Africa", mazungumzo yanaanza. Ukichoka na picha kataa kwa upole, hawang'ang'anii.

Kula

Gujarat ni jimbo la watu wasiokula nyama kwa wingi na pombe imepigwa marufuku, usibebe hata chupa moja ya zawadi, mgeni anaweza kuomba kibali lakini kwa siku mbili tatu haina haja. Kuchinja ng'ombe kumekatazwa na sheria. Kuku, mbuzi na samaki utavipata mitaa ya Waislamu, fuata msikiti, na ni halali.

Dabeli wanasema ilizaliwa hapa Mandvi kwa hiyo kuila kwingine ni kujidanganya. Jamaa anapasua mkate mdogo laini, anapaka chatne ya ukwaju na tende upande mmoja na ya kitunguu saumu upande wa pili, anashindilia viazi vilivyopondwa na masala yake, anatia karanga za pilipili na punje za komamanga, anachoma mkate kwenye siagi juu ya chuma halafu anauviringisha ubavuni kwenye chengachenga za dengu mpaka zishike. Rupia 20 au 30 hivi. Kula mbili, huku umesimama. Mchana tafuta thali, sinia lenye mboga, dengu, chapati, wali, maziwa mgando, wanakuongeza mpaka wewe mwenyewe ufunike sahani kwa mkono. Kula kwa mkono wa kulia kama kwetu.

Za kununua, Kutch ni kwa vitambaa, bandhani ile ya kufungafunga mafundo na kutia rangi inapatikana madukani sokoni. Fungua kitambaa chote dukani, ya mkono mafundo hayalingani sawasawa na inakuwa na mikunjo midogo midogo, ile ya mashine imelala bapa kama karatasi.

Kurudi

Basi za kwenda Bhuj ni nyingi mchana, usiku zinapungua, kwa hiyo ukiwa na treni ya usiku toka Mandvi mapema jioni. Na siku ya ndege ya kurudi nyumbani usipange ifuatane na siku ya treni, acha usiku mmoja mzima Mumbai katikati, treni za India zinachelewa na ndege haikusubiri.